Hesabu ya meza ya dagaa

Leicester, Uingereza
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi huku ni mzima, ukiondoa baridi iliyoanza mapema na goti la kushoto linalonikumbusha, kila ninapomwinua mzee kitandani, kwamba nimefikisha miaka 36. Mkwe wako anakusalimu. Mjukuu wako wa kike naye anakusalimu kwa lugha yake, maana Kiswahili chake bado ni maneno sita, na manne kati ya hayo ni vyakula.

Utashangaa kwa nini naandika karatasi wakati simu ipo. Simu ya nyumbani ina masikio mengi, Mama. Ukiweka spika, jirani anasikiliza, shangazi anasikiliza, na mumeo mdogo, mjukuu wako wa kiume, anasikiliza kuliko wote. Nina maneno ambayo nataka wewe uyasikie kwanza. Barua inakuja kwa mkono wa mtoto wa shangazi, pamoja na dawa yako ya mgongo na sweta mbili. Nakuomba akusomee kitinda mimba wako atakapokuja Tororo mwisho wa wiki, asikusomee yule mvulana. Ukifika mbele utaelewa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema kitinda mimba ana mimba ya miezi minne, anavaa koti darasani jua likiwaka, na katika shule ile ya binafsi anayofundisha huko Kyengera walimu wawili walioshika mimba mwaka jana hawakuitwa tena muhula ulipofunguliwa. Unataka nimwambie aendelee kuficha hadi lini. Halafu mwishoni, kama mtu anayetupa neno akiwa tayari mlangoni, ukauliza: "Na huko kwa Wazungu, mtoto anapunguza mshahara wa mtu?"

Anapunguza, Mama. Wangu umepunguzwa, na sikukwambia.

Unajua nilikuwa msimamizi wa zamu katika nyumba hii ya wazee. Naibu meneja alikuwa karibu kustaafu, na meneja mwenyewe aliniambia jikoni, tukiwa tumesimama na vikombe vya chai, kwamba nafasi ile ananitazamia mimi. Hiyo ilikuwa mapema 2023. Oktoba mwaka huo nikajifungua. Sheria ya huku inakuruhusu kukaa nyumbani hadi mwaka mzima, nawe usidhani ni mwaka wa mshahara. Wiki 6 za kwanza unapata 90 kati ya kila 100 ya ulichokuwa ukipata. Baada ya hapo inakuja posho moja ya nchi nzima. Wakati ule ilikuwa pauni 172 na ushee kwa wiki, na Aprili ikapanda kidogo. Wiki 39 zikiisha, hata hiyo inakatika. Kodi ya nyumba haikujua kwamba nimezaa. Julai 2024 nikarudi kazini, maziwa yakinitoka nikiwa kwenye basi.

Nasari ya mtoto ilikuwa pauni 58 kwa siku. Siku tano ni pauni 290, nami nikishakatwa kodi zote nilikuwa nabaki na pauni 380 na kitu kwa wiki. Yaani nifanye kazi wiki nzima ya kuinua na kuosha watu wazima, halafu sehemu kubwa nimpe mwanamke mwingine anioshee mtoto wangu. Tukakaa mezani na mkwe wako, tukapiga hesabu usiku kucha, tukaona bora mimi nifanye siku tatu. Kwa nini mimi, si yeye? Kwa sababu mshahara wa dereva wa basi ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wangu, na mwenye njaa hakati mti wenye tunda kubwa. Sheria ya huku inawaruhusu wazazi wagawane likizo hiyo tangu 2015. Kazini kwake hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kuigawana.

Naibu meneja akastaafu Agosti. Nafasi yake akapewa kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kumgeuza mgonjwa bila kumchubua ngozi. Sikumchukia, ni kijana mzuri. Nilipomuuliza meneja akaniambia kwa upole kabisa kwamba naibu lazima apatikane kwa simu usiku, na kwamba "hatukutaka kukubebesha mzigo ukiwa na mtoto mchanga." Hawakuniuliza, Mama. Walinihurumia bila kuniuliza, na huruma hiyo ina bei: pauni 2 na nusu kwa kila saa ya kazi, kila mwezi, kila mwaka, mpaka nitakapopata nafasi nyingine, kama itakuja.

Sasa sikiliza upande wa pili, ucheke kidogo. Mwezi ule ule, mkuu wa mkwe wako alimpa mkono wa pongezi, akampa njia nzuri ya kudumu na ovataimu za Jumapili, akisema, "Sasa una familia." Mtoto ni mmoja, amezaliwa siku moja, kwa wazazi wawili wanaolala kitanda kimoja. Yeye alipandishwa kwa sababu yake, mimi nikateremshwa kwa sababu yake. Nilimwonyesha slipu zote mbili za mshahara. Akanyamaza, kisha akaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo anaosha vyombo vizuri sana.

Nilidhani ni bahati yangu mbaya. Halafu mwaka huu chama cha wafanyakazi kikatuita kwenye mafunzo ya Jumamosi, wengi wetu wanawake wa nyumba za wazee: Wafilipino, Wanigeria, Wazimbabwe, mimi peke yangu wa Uganda. Mwalimu akachora mistari miwili ubaoni. Akasema wachumi watatu walichukua takwimu za Denmark za tangu 1980 hadi 2013, wakawafuata wanaume na wanawake kabla na baada ya mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto mistari ile inakwenda pamoja kama reli mbili za treni. (Nikamkumbuka marehemu Baba na nyundo yake.) Siku mtoto anapozaliwa, mstari wa baba unaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Wa mama unaporomoka, kisha unajivuta chini chini, na miaka mingi baadaye bado uko pungufu kwa kama 20 katika kila 100. Hiyo ni Denmark, ambako serikali inalipia sehemu kubwa ya nasari. Uingereza ni mbaya zaidi. Taasisi moja ya utafiti wa uchumi ya London, Institute for Fiscal Studies, iligundua kwamba kabla ya watoto pengo la malipo kwa saa kati ya mwanamke na mwanamume ni dogo, lakini mtoto wa kwanza akifikisha miaka 12 pengo limefika kama theluthi moja.

Ubishi ulizuka pale. Mmoja wetu akasema: labda akina mama wenyewe wanalegea kazini. Mwalimu akatuambia jaribio la Marekani lililotolewa 2007, la Shelley Correll na wenzake wawili. Walitunga barua za kuomba kazi zilizolingana kwa kila kitu, elimu ile ile, uzoefu ule ule. Tofauti ni kwamba moja ilidokeza kuwa mwombaji yumo katika kamati ya wazazi wa shule. Mwanamke aliyedokezwa kuwa mama alipendekezewa mshahara wa kuanzia pungufu kwa dola 11,000 hivi kwa mwaka. Mwanamume aliyedokezwa kuwa baba hakupunguziwa kitu. Wanawake wale hawakuwepo, Mama! Walikuwa karatasi. Karatasi hailegei kazini, haina mtoto wa kumpeleka kliniki, na bado ilipunguziwa mshahara.

Yupo pia mama mmoja mchumi wa Marekani, Claudia Goldin, aliyepewa Nobeli ya uchumi 2023 kwa kuchimba mambo haya miaka mingi. Anasema zipo kazi zenye ulafi: zinamlipa vizuri mno mtu anayeweza kuitwa saa yoyote, na kumlipa kidogo mno mwenye saa zake maalumu. Nikasema moyoni, huyu amewahi kuongea na meneja wangu.

Usidhani sina mtu huku. Ghorofa ya chini anakaa bibi wa Kihindi wa miaka 73, mzaliwa wa Jinja, aliyefukuzwa na Amin mwaka 1972 akiwa binti wa miaka 20. Halmashauri ya mji huu wa Leicester ilitangaza wakati ule katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja tu, na leo mji unajivunia wao. Kiswahili chake ni cha dukani: "Mimi toka Jinja, wewe toka Tororo, sisi ndugu." Nikiwa na zamu ya mchana ananikalia na mtoto hadi baba yake arudi, na pesa hataki, ukimpa ndizi za matoke anafurahi kama umempa dhahabu. Ameniambia walivyolea wao: yeye alishona soksi kiwandani usiku, mume alikuwa kiwanda kingine mchana, wanapishana mlangoni na mtoto anabadilisha mikono. "Miaka tisa," aliniambia, "mimi ona bwana yangu Jumapili tu." Nikamuuliza kama aliwahi kupandishwa cheo kiwandani. Akanitazama kama nimeuliza kama aliwahi kwenda mwezini.

Sasa nije kwa kitinda mimba.

Mama, mimi sikubaliani na kuficha. Najua kwa nini unasema hivyo. Umewaona wengi wakiondolewa. Lakini mimba si deni kwamba ukinyamaza mdai atasahau. Ikifika miezi saba itajitangaza yenyewe, na hapo mwenye shule atapata sababu ya kusema huyu mwalimu ni mwongo. Sheria ya kazi ya Uganda ya 2006 inampa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 12. Akimaliza ana haki ya kurudi kwenye kazi yake au nyingine inayolingana nayo, na sheria hiyo hiyo inasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Hata Katiba ya 1995 inamtaja mfanyakazi mwenye mimba na kumtaka mwajiri amlinde. Baba wa mtoto naye ana siku zake 4, asijifanye hazijui.

Tatizo ni lile ulilolisema bila kulitaja: wale walimu wawili hawakufukuzwa. Hawakuitwa tu. Mkataba wa muhula ni mtego mzuri, unaisha wenyewe Desemba na hakuna anayeshika panga. Kwa hiyo aanze sasa, kabla shule hazijafungwa. Aombe mkataba wa mwaka kwa maandishi. Aandike barua kumjulisha mwalimu mkuu, aambatanishe karatasi ya kliniki, nakala abaki nayo. Zile meseji za mshahara kwenye simu asizifute hata moja. Wakimtosa, ofisi ya afisa wa kazi wilayani Wakiso ipo na malalamiko yanapokelewa. Sikuahidi kwamba atashinda. Sheria iko kwenye karatasi, mwenye shule yuko getini na funguo. Ila asiyekuwa na karatasi hata mlango wa afisa hajui agonge vipi.

Na tumtendee haki kidogo huyo mwenye shule, ingawa simpendi. Huku Uingereza mwajiri wangu alinilipa ile posho ya uzazi, kisha serikali ikamrudishia sehemu kubwa mno; kwa kawaida hurudishiwa 92 katika kila 100. Kwetu Uganda anayelipa zile siku 60 ni mwajiri peke yake, kutoka mfukoni mwake, na bado amtafute mwalimu wa kushika nafasi. NSSF yetu, ule mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, inapokea 15 katika kila 100 ya mshahara, 5 za mfanyakazi na 10 za mwajiri, lakini haina fungu la uzazi. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, NSSF yao inalipa mafao ya uzazi. Mwenye shule yenye walimu wanawake 12 akiona wasichana wanne wanaolewa mwaka mmoja, anaona bili. Ndiyo maana mwakani atatangaza nafasi na kumchukua mwanamume. Hakuna sheria itakayomkamata kwa mawazo yake. Mzigo ungegawanywa kwa waajiri wote, wenye wafanyakazi wanawake na wenye wanaume, angekuwa na sababu gani ya kuwakwepa dada zetu? Nimemwambia mkwe wako kwamba nikirudi nyumbani nitagombea ubunge kwa jambo hili moja. Amesema atanipigia kura akiwa na nafasi baada ya vyombo.

Nimefikiria pia jinsi ilivyokuwa zamani. Bibi yetu alilima akiwa na mtoto mgongoni; shamba halikumuuliza kitu. Wewe ulinizaa ukaninyonyesha sokoni, nikalala chini ya meza ya dagaa ndani ya boksi la sabuni, na wateja wakaniinamia kunichekea. Kitinda mimba hawezi kumweka mtoto chini ya dawati. Mwalimu wetu wa chama alituambia kwamba mwaka 2023 Henrik Kleven, mmoja wa wale watatu wa Denmark, alipima na wenzake nchi 134, wakaona jambo lile lile: mahali ambapo watu wengi wanalima, mtoto wa kwanza hamtoi mama kazini sana. Watu wakihamia kazi za mshahara, zenye geti na saa, ndipo mtoto anapokuwa ukuta. Tulidhani tunapanda ngazi, kutoka jembe hadi chaki. Tumepanda, kweli. Ila ngazi hii haina mahali pa kuning'iniza boksi la sabuni.

Halafu yule yaya. Unasema umempata msichana kutoka Nagongera, mpole, anajua kupika, atakwenda Kyengera kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Na ukasema, kwa haraka, kwamba ana mtoto wa miaka miwili atakayebaki na mamake kijijini. Mama, nilisimamisha sauti hapo. Yaani ili mshahara wa kitinda mimba usianguke, wa huyu msichana uwe mdogo, na wa mamake usiwepo kabisa. Hakuna sheria itakayomsaidia katika kiwango hicho: kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na leo ni pesa ndogo mno. Bunge lilipitisha mswada mpya 2019, Rais hakuutia saini. Sisemi asiajiriwe; bila yaya kitinda mimba hawezi kusimama darasani. Nasema apewe siku za kwenda kumwona mwanawe na nauli ya basi juu, na zisikatwe kwenye 120,000. Mwambie kitinda mimba hiyo ni amri ya kifungua mimba.

Nilimwonea huruma sana huyo msichana. Nikalala, nikaamka saa tisa usiku nikiwa nimekaa kitandani. Mtoto wa miaka miwili aliyebaki na nyanya yake kijijini: nimekuwa nikimhurumia mtu ambaye ni mimi.

Hapa ndipo sikutaka mumeo mdogo asome.

Nilipoondoka Septemba 2016 alikuwa na mwaka mmoja na wiki tatu. Baba yake tusimzungumze. Ulinisindikiza hadi kwenye gari la Entebbe, ukiwa umemfunga mgongoni, ukaniambia, "Nenda. Meza ya dagaa haikimbii." Nimeyabeba maneno hayo miaka tisa. Nilipofika hapa nilifanya kazi siku sita kwa wiki, usiku, sikukuu, Krismasi za wenyewe, kila zamu iliyoachwa na mwenye mtoto. Ndivyo nilivyopanda hadi msimamizi. Kwenye fomu ya kazi nilikuwa mwanamke asiye na mtoto. Mstari wangu ulikwenda sawa na wa wanaume kama reli, na nilijisifu.

Lakini mtoto nilikuwa naye. Na mstari ulianguka, Mama. Haukuanguka wangu, ulianguka wako.

Ulijaribu mwezi mmoja kwenda naye sokoni, kama ulivyokwenda na mimi. Kifua chake kikabana kwa vumbi la dagaa, kliniki wakakwambia umwondoe pale. Ukakaa nyumbani "kwa muda." Mwaka uliofuata meza yako, ya tatu kutoka langoni, ikapewa mwanamke mwingine. Uliniambia kwenye simu kama mtu anayesimulia habari za mvua. Nikasema, "Pole Mama, nitatuma kitu," tukahamia habari nyingine.

Jana nilichukua karatasi. Nakumbuka ulikuwa ukirudi na faida ya kama shilingi 15,000 kwa siku, baada ya kutoa ushuru na mtaji, na ulikwenda siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,680,000. Kwa miaka tisa ni 42,120,000. Mimi nimekuwa nikituma 250,000 kwa mwezi, na nimekuwa nikiziita "msaada." Kwa miaka tisa hizo ni 27,000,000, na ndani yake kuna ada, sare, dawa za kifua, na chakula cha mtoto wangu mwenyewe. Sijaweka upatu wako na wenzako wa sokoni ulioachia katikati. Sijaweka mabati ambayo ungeyanunua. Nimehesabu mara nne nikitumaini nimekosea kuzidisha.

Nami nilikuwa nimekaa katika mafunzo yale nikiutazama mstari ubaoni, nikilalamika juu ya pauni 2 na nusu.

Najua utakachosema. Utasema mjukuu si kibarua, na kwamba nyanya hulea, ndivyo ilivyo, wewe mwenyewe ulilelewa na nyanya yako. Utasema mvulana huyu ni mumeo, anakuchotea maji, anakusomea meseji, na usingempa mtu hata kwa meza kumi. Yote kweli. Mimi pia simwoshi mwanangu wa huku kwa pesa. Lakini mapenzi yako hayakulipa ushuru wa soko, na mwanamke mwingine ndiye aliyekaa penye meza yako.

Tangu Septemba mwaka huu serikali ya huku imeanza kulipia saa 30 za nasari kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kwa watoto wa wazazi wanaofanya kazi, kuanzia miezi tisa. Kwa hiyo Januari narudi siku tano. Usimamizi wangu bado upo, unaibu tutaona. Kuanzia mwezi huo nitakutumia mara mbili. Tarehe 1 itaingia 250,000, hiyo ni ya mvulana, ada na chakula. Tarehe 15 itaingia 390,000, na hiyo ni mshahara wako. Nimeandika mshahara, sikuandika msaada, na usiichanganye na ile nyingine. Usimkopeshe mjomba. Ukitaka uile yote kwa mishikaki, ule.

Na ukipata nguvu, mpitie yule mwanamke wa meza ya tatu. Usimgombeze, hana kosa. Muulize tu kama kuna meza upande ule, hata ya nyuma, hata ya kushirikiana, maana mvulana sasa yuko darasa la tano na anakaa shuleni hadi saa kumi. Niambie bei ya gunia la dagaa siku hizi, nianze kupiga hesabu ya mtaji.

Makaratasi yake ya kuja huku bado yako kwa wakili. Sina jipya la kusema, na nikiwa nalo nitasema kwa simu, wote wasikie.

Msalimie shangazi. Jirani mwambie asiulize barua ilikuwa na nini.

Mimi binti yako,
kifungua mimba

N.B. Mwambie mumeo mdogo asimame pekupeku juu ya karatasi, umzungushie kalamu miguu yote miwili, kisha unitumie picha pamoja na rula pembeni. Viatu vya Idi nilivikisia, na kwenye video nimeona anavikanyaga kisigino.